Kwa Baba, Kuhusu Mgeni Aliyelala Mahali Pako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui uko wapi, kwa hiyo napitisha barua hii gazetini. Nina matumaini itakufikia, maana wewe uliyasoma magazeti yote, hata yale ya kufungia chumvi. Pale dukani kwako Nyabiyonza mteja hakupewa chumvi yake mpaka uimalize ile karatasi. Watu walikucheka, nawe ukageuza upande wa pili ukaendelea.

Wengine wanasema uko Buganda, wengine Kongo. Picha yako bado imebandikwa bomani, na chini yake wameandika kwamba unatafutwa kwa kuua na kwa udanganyifu wa bima. Ni ile picha uliyopiga siku ya arusi ya shangazi. Umenuna, na wapita njia wanaona ni sura ya muuaji. Mimi najua ulinuna kwa sababu kola ilikubana.

Lakini sikuandikii kukusuta. Nina shukrani nyingi ambazo sikuwahi kuzisema.

Asante kwa shule. Baba mkubwa alisema mtoto wa kike akasome nini, migomba haina herufi. Ukanipakia kwenye lori, ukanipeleka mwenyewe. Kabla hujaondoka ukamsikia mwalimu akiniita "wewe wa nyuma". Uliingia darasani kofia mkononi, ukasema, "Samahani, mwalimu. Huyu ni Kokugonza binti Kaijage." Ukamtajia na babu yangu, na ukoo wetu. Darasa zima lilicheka, nami nikatamani kujificha chini ya benchi. Ila tangu siku hiyo niliitwa kwa jina langu.

Asante kwa Mama. Alipozidiwa akiwa na mimba ya mdogo wangu, mvua ilikuwa inanyesha na gari likakwama kwenye tope. Ulilitandika koti lako jipya chini ya tairi, lile la kwenda kanisani, na mkafika hospitali. Mama yu hai, na mdogo wangu sasa ananipita kimo. Jumapili iliyofuata uliingia kanisani na shati tupu, ukaimba vibaya kama kawaida yako.

Na asante kwa zile safari za likizo, tukitoka kununua kahawa Songambele. Ukiona mtu anatembea na kifurushi kichwani, hasa hawa wanaotoka mbali kutafuta kibarua mashambani, ulisimama. Ulimpa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kile kikapu kidogo, kisha ukaanza: jina lako nani, baba yako nani, ukoo gani, umeacha nani nyumbani? Siku moja Mama alikutania, "Baba Koku, maswali yote hayo, unataka kumwoza binti yako?" Ukamjibu, "Mtu akipanda gari langu bila jina, nimepakia gunia." Maneno hayo nimeyashika. Hata leo, nikiwa mwalimu hapa Ndama, siku ya kwanza ya darasa sifundishi kitu. Nauliza majina.

Halafu ikaja siku walipokuleta ndani ya blanketi. Walisema lori limeanguka korongoni likaungua, nawe ndani yake. Tulikuzika migombani nyuma ya nyumba, kando ya babu. Mama alinyoa nywele. Tulilala chini kwenye nyasi pamoja na ukoo wote, na wazee waliokucheka dukani walilia kwa sauti.

Bima hatukujua hata ni kitu gani, mpaka mtu wa kampuni alipokuja kuulizauliza kabla ya kulipa. Mshirika wako wa dukani, ambaye ndiye aliyeandikishwa kupokea, alibanwa akasema yote: gari ulilisukuma mwenyewe, na aliyekuwa ndani ni mpita njia uliyempakia Songambele, tayari umekwisha kumuua. Mshirika wako alifungwa. Jina la yule mtu hakulijua.

Nikuambie kweli, Baba, niliposikia u hai nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikatoka nje niende kuuambia udongo wako kwamba hukufa. Nilipofika pale kaburini ndipo nikakumbuka kwamba humo ndani kuna mtu.

Serikali ilimfukua, ikamtazama, ikamrudisha. Baba mkubwa akaitisha wazee. Alisema mgeni asiyejulikana hawezi kulala na baba zetu, atolewe akazikwe kando ya njia. Mama alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi. Alisema bila kuinua kichwa, "Shemeji, huyu nimemlilia. Nimemnyolea nywele. Hatoki." Wazee walitazamana, wakaomba rubisi, wakanywa, wakaenda zao. Kisha Mama aling'oa msalaba wenye jina lako akasimika mwingine. Huo hauna maandishi mpaka leo. Akipalilia pale huwa anamsalimu, "Mgeni, umeamkaje?"

Sasa Mama ameanza kuchoka. Kifua kinamsumbua, na kupalilia hawezi tena. Ananiambia hataki kulazwa karibu na mtu asiyemjua jina. Zaidi ya hapo anamfikiria mama mwenzake, huko alikotoka yule kijana, ambaye huenda bado anamwekea chakula. Sisi tulidanganywa, lakini tulipata kulia na kumaliza. Yeye hajaanza.

Ukirudi, sitakuficha. Nitakupeleka bomani mwenyewe, kama ulivyonipeleka shule, na nitakuletea chakula huko kila siku watakayoniruhusu. Wewe ni baba yangu na siwezi kujifanya hukunilea. Kila kizuri ninachokifanya, nikichunguza, wewe ndiye uliyenionyesha. Hilo linaniliza kuliko hiyo picha ya bomani.

Na kwa kuwa nakujua, nina hakika na jambo moja. Kutoka Songambele ni mbali, na wewe huwezi kukaa kimya garini. Ulimpa kahawa. Ulimwuliza yeye nani, baba yake nani, ukoo gani, ameacha nani nyumbani. Alikujibu, maana watu wote walikujibu. Hukumpakia kama gunia, Baba. Unalijua jina lake, na duniani hapa waliobaki kulijua ni wewe na watu wake.

Basi tuandikie. Karatasi yoyote itatosha, hata ya kufungia chumvi. Usiseme uko wapi, wala usiweke jina lako. Weka lake.

Ni mimi binti yako, mwenye shukrani,
Kokugonza