Sifa Ambayo Sikumpa Fideli

Fideli, mtani wangu,

Kuanzia Matombo mpaka stendi ya Msamvu hajazaliwa mtu wa kunishinda mdomo. Nimechekesha msiba wako, kaka. Nilivaa shati lako la mistari, nikatembea mwendo wako ule wa bata aliyeshiba, nikalala mlangoni, nikasema jeneza halipiti mpaka niletewe ndizi mbivu. Katekista alificha uso kwenye kofia. Mama yako alicheka, akalia, akacheka tena. Ukoo wako na wangu ni watani tangu mababu, kazi yangu ilikuwa hiyo, na niliifanya kuliko wazee.

Wakataka niige na sauti yako. Nikasema koo limekauka.

Sasa niko peke yangu chumbani kwetu Mwembesongo. Ndizi nauza bado pale stendi, abiria nawatania kama kawaida. Ila nikirudi hakuna wa kuniambia, "Kelele wewe, lala." Juzi nimepika wali wa watu wawili. Nimeula wote, usifikiri niliumwaga, lakini sikushiba.

Unamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la nne? Alikuja kukuzika. Mtindo wake bado anao: Ijumaa kabla ya kengele, kila mtoto anasimama anamsifu jirani yake wa dawati, jambo moja la kweli, darasa linapiga makofi. Wewe ulinisifu kila wiki. "A-a-anachekesha mpaka njaa inasahaulika." Mimi nikisimama: "Fideli analala macho wazi kama samaki." Mwalimu anasema, "Huo utani. Nasubiri sifa." Nawe unanitetea: "Mwache, mwalimu, ni mtani wangu."

Pale kaburini mwalimu alinishika bega, akasema bado anasubiri. Ameniita Ijumaa nisimame mbele ya watoto wake, niwaambie habari zako. Nitapanda mpaka Matombo, nakuahidi, hata barabara ikiwa tope tupu. Na shati lako nitavaa, limenikaa vizuri kuliko lilivyokukaa wewe.

Ila nianze kwako. Siku ile uliposoma hadithi ya fisi mbele ya darasa, polepole, ukikwama, ukiendelea, hakuna aliyekohoa. Ilikuwa nzuri mpaka nikataka kulia. Mimi nilikuwa sijui kusoma hata mstari mmoja. Hizi herufi ninazokuandikia ulinifundisha wewe, baadaye, kwa kunong'ona.

Kwa nini ulinong'ona najua. Ijumaa ya wiki ile nilisimama, na badala ya kukusifu nikaigiza kigugumizi chako. Darasa zima likacheka. Hata wewe ulicheka. Tangu hapo hukusoma tena kwa sauti, si shuleni, si kanisani, mpaka umekufa, na watu wakadhani ni haya zako tu.

Pumzika, Fideli. Nilikuonea wivu. Siku ile haikuwa utani.