Gari la Bibi Skola na Umeme wa Kila Aina

Morogoro

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimeachia? Na lile jicho la kushoto, unalitia dawa au bado unasema litapona lenyewe? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechoka, na nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unasikia nusu, halafu unajibu ile nusu unayoitaka. Dada akusomee taratibu, na asiruke pale ninapolalamika.

Baba, wewe uliyenifundisha kufungua redio hata meno sijamaliza kuota, ungekuwepo mwezi huu ungeniambia niache ufundi nikauze maandazi.

Kuna mfanyabiashara wa mboga hapa mjini, anaitwa Faustini, ana malori yanayobeba kabichi na karoti kutoka Mgeta kupeleka Dar. Mama yake, Bibi Skola, mapafu yamemchoka. Anaishi kwa mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida na kuichuja, mrija puani kutwa kucha. Umeme ukikatika, na pumzi inakatika. Sasa mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alikuwa ndani, mwali, huko huko Mgeta, na Bibi akaapa kwamba mwali hatoki mpaka yeye awepo. Faustini akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda na kabati, akaniita.

"Fundi Zuhura, nataka gari lichomekwe popote," akaniambia. "Tukitoka Mgeta tutampeleka kwa ndugu wa Mkuyuni na wa Turiani. Lakini Mama asikose pumzi hata dakika moja."

Popote! Neno jepesi kwa mtu asiyeshika waya. Ilibidi nikapime mwenyewe kila watakakolala. Mkuyuni, watu wakishawasha taa zao jioni, umeme unapungua nguvu mpaka feni inazunguka kama imelazimishwa. Turiani ndugu yao anategemea jenereta la jirani mchomelea mageti, na kila jirani akigusa chuma, taa zinarukaruka. Mgeta kuna mtambo wa misheni wa umeme wa maji, mzuri kabisa, ila mashine ya kusaga ikianza kazi, kila mtu mwingine anasubiri. Mashine ya Bibi ukiichomeka moja kwa moja kwenye vitu hivi, itakufa ndani ya wiki.

Nikaamua hivi, na nadhani utaniunga mkono: umeme wowote unaoingia garini, uwe wa nguzo, wa maji au wa jenereta, kazi yake iwe moja tu, kuchaji betri. Mashine ya Bibi yenyewe ipate umeme kutoka kwenye betri, kupitia inveta inayougeuza uwe kama wa nguzo. Huko nje umeme upande, ushuke, ukatike, mashine haijui. Nikafunga na swichi ya kuchagulia, ili vyanzo viwili visiingie kwa pamoja vikakutana. Jenereta letu la akiba likae nje, mbali, upepo uchukue moshi.

Kazi nzuri, Baba. Basi waniache niimalize? Thubutu! Leo Faustini anataka birika la umeme, kesho pasi, kesho kutwa televisheni kubwa kuliko dirisha. Bibi naye anataka jiko lake la mkaa liwe humo humo ndani.

"Bibi, oksijeni na moto havikai chumba kimoja."

"Na chai yangu utachemsha wewe?"

Nilikataa yote mpaka sauti ikanikauka. Ila jambo moja nilikubali, na hapo ndipo nilipokosea mwenyewe. Faustini alinibembeleza niweke soketi moja upande wa nje, "ya kuchajia simu tu, fundi, wageni wasituone wachoyo." Nikaiunganisha kwenye inveta ile ile ya Bibi. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Tukapanda Mgeta, tunapishana na malori ya kabichi kwenye kona ambazo sitaki kuzikumbuka. Bibi alilala njia nzima, mashine inanguruma vizuri. Tulipofika nyumbani kwao nikachomeka waya wa misheni, betri zikaanza kujaa. Nikaenda kula.

Mchana wa shughuli nimekaa na kina mama, ndizi mkononi, mara muziki ukalipuka uwanjani. Spika mbili kubwa kama milango. Nikajiuliza, umeme wa kupigisha haya unatoka wapi? Nikafuata waya kwa macho. Ulianzia kwenye spika, ukapita friji la soda, ukaishia kwenye ile soketi yangu ya simu.

Kabla sijainuka muziki ukazima. Inveta ilikuwa imezidiwa, ikajizima yenyewe. Na ndani ya gari nikasikia ile mashine ikilia, mlio mmoja mrefu.

Nilikimbia, Baba. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, midomo imeanza kubadilika rangi. Nikamhamishia kwenye mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, nikafungua koki. Pumzi ilipomrudia nikatoka, nikachomoa kila kitu, nikawasha inveta upya. Halafu nikachukua koleo nikaukata waya wa ile soketi mbele ya watu wote.

Aliyechomeka spika alikuwa Mzee Klementi, mdogo wake Bibi, ndiye mjomba wa kina Faustini. Kwa Waluguru mjomba akisema, amesema. Faustini mwenyewe, pamoja na malori yake, aliinamisha kichwa.

"Binti, umekata umeme kwenye shughuli yangu?"

"Nimekata, Mzee. Dada yako alikuwa anakata roho."

"Mwenye umeme hanyimi wenzake siku ya shughuli! Hapa kwetu hatufanyi hivyo. Na hapa mjomba ni mimi!"

Nilijua nafukuzwa. Ndipo sauti ikatoka dirishani, ndogo, na mrija wake puani.

"Klementi. Ngoma za mama yetu zilikuwa zinachomekwa wapi?"

Kina mama waliangua kicheko, mmoja akaanza kuimba, na ngoma zikalia. Tukamkalisha Bibi mlangoni pa gari, mwali akaletwa akapiga magoti, Bibi akamwekea mkono kichwani na kuuacha hapo muda mrefu. Nililia, sikufichi. Hasira zote zile, na bado nikalia.

Kesho yake asubuhi nakunja waya, Faustini anasema tuwahi Mkuyuni. Bibi akauliza, "Nani anaondoka?" Mwanawe akamweleza safari ya ndugu, ya hospitali, ya kurudi mjini. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimeshafika," akasema. "Klementi, tafuta mawe uzuie magurudumu."

Faustini alijaribu kila neno, akaishia kukaa chini kwenye majani, mtu mzima, akijifuta uso. Mwezi mzima, Baba, nimehangaika gari lipokee umeme wa kila mahali, na Bibi muda wote alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Angeniambia tangu mwanzo ningefunga waya mmoja!

Basi nikafunga huo waya, wa kudumu, na kumfundisha Mzee Klementi kusoma kipimo cha betri. Tangu hapo akawa analinda lile gari kuliko shamba lake, mtu akisogea na chaja ya simu anafukuzwa.

Msalimie mama mdogo na mikeka yake, kaka wa dukani, na shangazi wa ng'ambo ya mto, mwambie kanga nimepata. Jicho utie dawa.

Faustini alinipigia jana. Bibi amefariki usingizini, huko huko kwao Mgeta. Mashine, anasema, ilikuwa bado inafanya kazi.

Ni mimi mwanao,
Zuhura