Kicheko cha Baba Katika Insha ya Mueni

Jumanne, Kangemi

Kumi na nane kwa ishirini! Mueni msusi wangu, ambaye hata samaki hagusi, eti wananuka, ndiye kazipata.

Leo katika darasa letu la watu wazima tulirudishiwa insha kuhusu riwaya fupi ya mvuvi tunayosoma: alipata nini, alipoteza nini. Mwalimu akamsimamisha Mueni asome yake. Akamlinganisha mvuvi wa riwaya na mvuvi mwingine, wa ziwani, aliyevutana na mbuta mkubwa kutwa nzima, samaki akaenda na wavu, naye akarudi akicheka. Eti alipoteza wavu, akapata heshima. Darasa likapiga makofi.

Huyo mvuvi ni baba yangu. Mimi mwenyewe nilimsimulia Mueni majuzi, kabla ya insha, akinisuka pale Kenyatta Market.

Nilipomuuliza, hata hakuona haya. "Mama Akinyi, si ulikuwa unapiga stori tu? Ungeiandika wewe basi."

Hapo ndipo ninapoumia. Mimi nilinakili majibu ya kitabu cha mwongozo nikapata tisa. Sikudhani baba yangu anaweza kuwa jibu la shule.

Na makofi yale yote, Mueni hajui hata nusu. Baba alicheka kwa sababu sisi watoto tulikuwa tunamngoja ufuoni na karai la kutilia samaki. Alipofika nyumbani alikaa kitandani, akageukia ukuta. Hakwenda tena majini.

Hayo sikumwambia. Hayo bado ni yangu, na Jumamosi natafuta msusi mwingine.