Nusu Yako ya Kwata

Mama,

Nimefunga mlango ndipo nikaanza kuandika, maana hapa Bwera hata ukishika kalamu mtu anataka kujua unamwandikia nani. Nikisema namwandikia mama yangu ambaye tumeshamzika, kesho nitasikia kwamba Masika ameanza kuchanganyikiwa. Na atakayeeneza habari hiyo namjua.

Unanijua nilivyo. Kazi ya kutoa mizigo forodhani Mpondwe imeniharibu. Dereva akiniambia amepakia maharage, nachoma gunia mpaka chini nione kama hakuna kahawa. Ulikuwa unanicheka: "Masika, siku utafika mbinguni, utauliza Petro kama ile funguo ni yake." Basi tangu ufe nimekuwa hivyo kwa kila mtu. Nilimshuku yule mama aliyelia msibani kuliko sisi wenye msiba. Nilimshuku daktari aliyesema ni mapafu, kwa sababu alisema upesi mno. Lakini kuliko wote, Mama, nilimshuku Baba.

Shaka hiyo iliingia hivi. Siku ya mazishi, pale Kasese kwenye kambi ya jeshi ya Baba, Mama Akello wa mlango wa pili alinivuta nyuma ya jiko. Akatazama huku na huku, ingawa hakukuwa na mtu. "Mimi sitaki maneno," akasema, "lakini wewe ni mtoto mkubwa. Kila jioni afande alikuwa napeleka mama yako nyuma ya nyumba, napigisha yeye kwata. Sisi wote tulikuwa nasikia. Mguu upande! Mguu sawa! Mtu mgonjwa. Na mama yako hapana jibu hata neno moja." Akaongeza kwamba siku moja alichungulia, akakuona umeshikilia kamba ya nguo, miguu inatetemeka, na Baba nyuma yako ameshika mkanda. "Mkanda, Masika. Ile ya jeshi."

Anayekuambia hataki maneno ndiye mwenye maneno, hilo nalijua. Lakini mkanda sikuweza kuusahau. Nikakumbuka uliwahi kuniambia kwenye simu, "Baba yako amenifanya recrue, kuruti wake," ukacheka. Sasa nikaanza kujiuliza kilikuwa kicheko cha namna gani. Nilikipindua kile kicheko kichwani mwangu usiku na mchana, nikitafuta maumivu ndani yake.

Nikarudi nyuma kwa mawazo mpaka siku ile Kampala. Tulikuwa watatu kwa daktari mkubwa, wewe, Baba na mimi. Ugonjwa wako akautaja: maltipo sklerosisi. Alipomwona Baba amekaa wima na sare yake, akatafuta mfano wa kumfaa. Akasema mwilini mna askari wa kulinda, na hawa wa kwako wameasi, wanakata nyaya za simu za kambi yao wenyewe, ndiyo maana amri ya kichwa haifiki miguuni. Wewe ulilia. Baba hakulia. Aliuliza swali moja tu: kamanda wao ni nani? Daktari akatabasamu, akadhani ni utani. Mimi nilimtazama Baba usoni. Haukuwa utani.

Na miguu yenyewe ilikuwa na vituko viwili. Mchana ilikataa kutembea, jua likizama ikakataa kutulia. "Masika, niko na siafu ndani ya mifupa," ulisema, na mimi nikakukanda mapaja hadi vidole viniume, bila kusaidia kitu. Ukienda kusali rozari na wenzako wa Butembo, mnakaa kwenye mkeka, na katikati ya Salamu Maria unapiga teke, unainuka, unazunguka chumba, unakaa, unainuka tena. Wakaanza kuangaliana. Mmoja akauliza mbele ya wote ni miguu gani hiyo isiyoweza kwenda sokoni lakini inaweza kukimbia sala. Ulirudi nyumbani, na hukwenda tena kwenye rozari yao. Walikushuku, Mama, kama mimi nilivyokuja kumshuku Baba.

Basi nikamwuliza Baba. Nilimkuta anakunja nguo zako, kona kwa kona, kama blanketi za ukaguzi. Nikamwuliza ni kweli alikuwa anakupigisha kwata. "Ilikuwa kazi ya miguu," akasema. "Imeisha." Nikamwuliza na mkanda je. Akaendelea kukunja. Mtu asiye na kosa hujitetea, nikawaza. Mtu asiye na kosa hukasirika angalau. Yeye alikaa kimya kama aliyekwisha kuhukumiwa, na kimya kile nikakiandika moyoni dhidi yake.

Haya yangebaki yangu peke yangu kama si Mjomba Kambale. Kaka yako alishasikia huko kwenu Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Maneno huvuka pale Mpondwe bila kulipia ushuru. Akanipigia. "Masika, tunasikia huyu shemeji alikuwa anatembeza mugonjwa kama militaire. Tutakuya kumaliza matanga. Wewe ndio mutoto wa kwanza, wewe ndio utasema." Nilijua maana yake. Mkwe anawekewa sahani moja na wakwe zake. Mtoto wa kwanza anaulizwa kama nyumba imeridhika. Nikisema imeridhika, wanakula na Baba. Nikisema hapana, wanainuka sahani ikiwa imejaa, na kuanzia hapo Baba si shemeji wa mtu, ni mtu aliyewaulia dada. Amebakiza muda mfupi jeshini. Angerudi kwao kaskazini na jina hilo mgongoni, na ni mdomo wangu ambao ungemtwika.

Nikaenda hospitalini kumwona yule dada wa mazoezi ya viungo, unayemkumbuka, mwenye mikono baridi. Nikamwuliza wazi kama kazi ile ingeweza kukuua. Akasema wewe mwenyewe ulimwambia siafu wanapungua ukifanya. "Kwa kila mgonjwa siwezi kusema," akasema, "lakini kwake ilisaidia. Tulimwambia bwana yake: kunyoosha, kutembea kidogo, kupumzika, na joto hapana, joto inamaliza nguvu yake. Mapafu ni jambo ingine. Ile ingekuja hata kama analala tu kitandani." Nikamshukuru, nikatoka. Na mlangoni nikajiambia: huyu ndiye aliyemtuma Baba, sasa atajishtaki mwenyewe?

Ndipo nikaamua kumtega. Nilifika Kasese saa za mchana, nikamwambia Baba: "Nipeleke nyuma ya nyumba. Nifanyie kama ulivyokuwa unamfanyia Mama. Usiache kitu." Nilitaka kuona kwa mwili wangu. Nilitaka akosee, akaze mkono, asahau kwamba namtazama.

"Jua bado," akasema. "Hii kazi haifanyiki na jua." Tukakaa mpaka jua likajificha nyuma ya milima na bati la jikoni likapoa. Akaleta taulo lililoloweshwa maji, akanizungushia shingoni. Kisha akachukua mkanda. Akanizungushia kiunoni, akaushika kwa nyuma kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Kumbe ndiyo kazi ya mkanda ilikuwa hiyo.

"Mbele tembea!" Sauti ile ilitikisa kuta. Nikainua mguu kama mwanajeshi. Akanivuta kidogo. "Kisigino tu," akasema chini chini. "Kisigino juu, shusha." Sauti kubwa vile, na kazi yenyewe ndogo. Kwa sauti ile ungedhani anaongoza kikosi kizima. Alikuwa ananiinulia kisigino.

Halafu akanyamaza. Nilidhani amesahau kinachofuata. Alisimama tu, macho chini, mkanda mkononi, akisubiri. Kisha akacheka puani, kile kicheko chake kifupi, na kusema, "Utovu wa nidhamu hiyo, Mama Masika." Akaendelea. "Mguu sawa!" Akanyamaza tena. Akasubiri tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Ilinichukua muda kuelewa. Nilimwambia asiache kitu, na yeye ni askari, hakuacha kitu. Alikuwa anakuachia nafasi yako ya kusema.

Nikamwuliza ulikuwa unasema nini. Alikataa kwanza. Akajifanya anakaza mkanda. Kisha akakuiga wewe mzima mzima, kwa Kiswahili chako: "Afande, mguu wa kushoto umekataa amri. Umufunge. Lakini ule wa kuume usiuite shahidi, beko ndugu." Yaani ni ndugu, utamtetea mwenzake. Na siku nyingine: "Afande, sasa mbona ni wewe unahema?" Alisema kila jioni ulikuwa na jipya, na kwamba yeye alipaza sauti kwa sababu uliomba apaze, ulisema akinong'ona miguu haimwogopi, na wewe unakosa wa kubishana naye. Sauti yako ilikuwa imeshashuka siku zile, Mama. Ukuta haukuipitisha. Wale waliokuwa ng'ambo walisikia nusu moja tu ya maneno yenu, wakaweka nusu ya pili wenyewe.

Nilicheka. Halafu nikashika ile kamba ya nguo, nikalia jinsi ambavyo sikulia kaburini. Baba hakunibembeleza. Alisimama wima, akasema kwa sauti ya ripoti: "Siku ya mwisho alisema amechoka. Mimi nikasema kisigino tena. Kesho yake homa. Hiyo pia ujue." Ndipo nikaona kwa nini hakujitetea. Nilikuja na mashtaka, kumbe mwenyewe alikuwa ameyafungua zamani, akajipa hukumu, akabaki kusubiri mtu wa kuisoma.

Kaka zako walikuja Kasese. Mkeka ukatandikwa, bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, katikati. Mama Akello alikuwa mlangoni na sinia ambalo hakuna aliyemwomba. Mjomba Kambale akakohoa. "Mutoto wa kwanza aseme. Nyumba imeridhika?"

Kabla sijafungua mdomo Baba akasimama, mikono ubavuni. "Ni mimi," akasema. "Nilipigisha mgonjwa kwata. Yeye alichoka, mimi sikusimamisha. Shahidi sina." Kaka zako wakaanza kukusanya makoti na kofia zao. Mmoja alikuwa ameshavaa kiatu.

Nikawaambia wakae. Nilisema: Mjomba, mmesikia nusu, na nusu hiyo mmeletewa na watu waliokuwa nyuma ya ukuta. Nikawaeleza taulo na jua, nikawaonyesha mkanda unavyoshikwa. Nikawaambia dada wa hospitali alivyosema, ingawa hata yeye sikumwamini nilipomsikia. Kisha nikawapa nusu yako. Nilisema "umufunge", nikasema "beko ndugu", nikaangusha mdomo kushoto kama ulivyokuwa unaangusha ukimtania mtu. Mjomba akacheka kabla hajajizuia. Amekua na mdomo ule, anaujua. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na hatukujua tena kama ni kicheko. Alipotoa mikono akaivuta sahani karibu. "Shemeji," akasema, "kuya tukule."

Baba akala. Akamega kidogo, akachovya, akameza, kama anayetimiza wajibu. Mama Akello akaingiza sinia lake akisema alijua tangu mwanzo kwamba afande ni mtu mzuri. Huyo bado namshuku na nitaendelea.

Nilidhani yameisha, Mama. Wageni walipoondoka, Baba akanikuta naosha vyombo. Akauliza, bila kunitazama, "Ulisema vile kwa sababu ya huruma?" Nikamwambia hapana, nimesema ninachokiamini, na kwamba yeye mwenyewe anajua nani humu ndani ni mgumu wa kuamini. Akaitikia, "Sawa." Ile sawa ya kumwitikia mkubwa wa kazi, mtu anayetii bila kukubali. Ananishuku mimi. Sikujua tabia hii niliirithi kwa nani. Sasa najua, si kwako.

Nakuaga hapa. Sikuambii pumzika, neno hilo ulilichukia. Kila aliyekuambia pumzika ulimjibu ajaribu yeye na miguu hiyo. Kama huko uliko bado inasumbua, inuka utembee, hakuna atakayekutazama vibaya. Huyu wa huku niachie mimi. Kila Jumapili nitakwenda Kasese, nitakaa naye nyuma ya nyumba jua likishapungua, nitamwambia kwamba hakukuua. Nitamwambia na Jumapili inayofuata, na nyingine tena, mpaka siku aache kuniitikia na aanze kuniamini.

Mwanao,
Masika