Maji Mahali pa Mwanakombo

Jumanne, 8 Julai

Vidonge, uji, kisha picha. Leo nimenyoosha mstari wa bahari katika picha za akina mama wa mwani, hapa Kibuyuni. Programu ya kuhariri picha ni ya bure, nami mwalimu mstaafu ni wa bure pia. Chama chao hakina uwezo wa kulipa mpiga picha. Daktari wa Msambweni hakunificha kitu: moyo umechoka.

Alhamisi, 10 Julai

Mejumaa amekuja. Mama yake, Mwanakombo, tulimzika mwezi uliopita. Anataka picha yake. Nyumbani hamna hata moja. Marehemu akiona kamera alijifunika leso.

"Katika ile picha ya wanachama iliyotundikwa ghalani hayumo, Mwalimu. Lakini siku ile alikubali kupigwa picha. Alinambia mwenyewe."

Nikajibu nitatafuta. Uongo. Najua haipo.

Ijumaa, 11 Julai

Sikwenda msikitini. Miguu imevimba.

Niandike wazi. Ni mimi niliyemwomba Mwanakombo afunue uso siku ile. Nilimwambia wafadhili wanataka kuwaona wanachama wote. Akafunua, akacheka. Baadaye, kwenye kompyuta, nikamwona amesimama kando peke yake, picha imeelemea upande. Nikampaka maji ya bahari mpaka akatoweka. Nilijivunia usafi wa kazi ile! Nikahifadhi juu ya picha ya asili. Kadi ya kamera nikaifuta, kwa kuwa tulikuwa na hiyo moja tu.

Picha ilipotundikwa ghalani aliitazama, akarudi kwenye kamba zake za mwani. Hakuniuliza. Sikumweleza.

Jumapili, 13 Julai

Nimepekua kompyuta nzima, hata pipa la taka. Hayumo.

Alasiri nilifanya jambo baya zaidi. Nikachukua uso wa Mejumaa kwenye picha nyingine, nikaanza kuuzeesha. Mikunjo, mvi chini ya leso. Ukafanana na wa mama yake. Ningempa, angenishukuru, nami ningekufa mtu mwema.

Nimeufuta. Kifua kinabana.

Jumatano, 16 Julai

Mejumaa alikuja asubuhi. Nimemweleza yote, hata la Jumapili.

"Mama alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Niliona anaharibu mizani ya picha."

"Mizani!" Akacheka, kicheko kikavu. "Yeye alisema labda amezeeka vibaya, mmemwonea haya. Hakukubali kupigwa picha tena."

Nilisema nisamehe, neno likatoka dogo.

Akauliza mama yake alisimama wapi. Nikafungua ile picha, nikaweka kidole kwenye maji. Akasogea karibu, akatazama sana.

"Nichapie hii."

Nikamuuliza kama niikuze, sehemu ile ionekane vizuri.

"Usiguse kitu, Mwalimu."

Nikachapa ilivyo. Akaipuliza wino ukauke, akaikunjia ndani ya leso yake, akatoka. Hakuniaga.

Mchana huu sijawasha kompyuta. Nimekaa barazani. Bahari imetulia.