Ukungu Kwenye Ubao wa Piano

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wajukuu wote. Natumaini goti limepungua kuuma na sasa unaweza kukaa chini na kuinuka bila kushikwa mkono. Sisi huku miili ni mizima, ila roho yangu iko juu juu. Ukiona mwandiko umepinda kuliko siku zote usiseme mdogo wako kazeeka, ni haraka ya kuandika kabla mtu hajaingia. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usigombane na miwani. Simu mimi na wewe tuliachana nayo tangu masikio yako yalipofunga duka, na leo nashukuru, maana haya ya leo nisingeweza kuyasema kwa sauti humu ndani.

Kwanza habari za mwanao. Huyu kitinda mimba wangu bado anafundisha watoto nyimbo kwenye ile shule, na watoto wanampenda hadi sokoni wanamkimbilia na kumng'ang'ania sketi. Lakini mkuu wa shule kamwambia waziwazi kwamba asiye na cheti cha ualimu wa muziki asirudi muhula ujao. Mtihani ni wiki ijayo. Kuna sehemu ya kuandika, hiyo haimtishi. Kuna ya kupiga piano, hiyo anaiweza. Halafu kuna ile wanayoiita mtihani wa sikio. Mtahini anapiga, wewe umempa mgongo, unaimba alichopiga na kutaja kila noti. Au anapiga wimbo wenye kosa, nawe useme kosa liko wapi. Eti mwalimu asiyesikia kosa la mtoto atasahihisha nini? Maneno hayo aliyasema mzee anayemnoa, na mimi yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Huyo mzee ni mwalimu mstaafu, anaishi peke yake, na sisi tunamwita Mwalimu Tena, kwa sababu hata upige vizuri namna gani atakuambia, "Tena." Tulikubaliana hivi: yeye amfundishe binti, mimi nimfulie, nimpigie pasi na kumfutia nyumba vumbi. Meza ya pasi iko chumba cha pili na mlango huwa wazi, kwa hiyo somo lote nami nasoma. Sasa hivi naweza kukuimbia do re mi kwenda na kurudi, usicheke. Mzee mwenyewe ana utani. Siku moja alimwambia mwanao kwamba shati limenyooka kuliko wimbo wake, basi cheti apewe mama. Tulicheka sana. Mwanao naye alicheka, lakini alicheka nyuma yetu kidogo, baada ya kututazama nyuso. Wakati ule sikutia maanani.

Kati ya kazi za pale, niliyoipenda ni kuifuta piano. Ni nyeusi, ya kizamani, na ule ubao wa mbele, unaosimama mbele ya vidole vya mpigaji, niliusugua mpaka ukawa kioo. Mzee akitaka kumpima sikio humkalisha nyuma ya bega lake ili asione anapobonyeza. Na mwanao alikuwa hakosi! Kila noti anataja. Mzee akawa anamwita Sikio la Dhahabu, na mimi kule kwenye pasi kichwa kikavimba.

Basi siku moja muuza duka akanijaza maneno, nikanunua nta ya kung'arishia mbao. Nikaipaka kwa moyo wote, kama anayempaka mafuta mtoto mchanga. Kumbe unapaka kidogo tu na kufuta papo hapo. Yangu ikakauka, ubao ukawa na ukungu mweupe kama dirisha la jikoni. Siku hiyo, dada, Sikio la Dhahabu hakupata kitu. Noti nene alibahatisha, zile nyembamba za upande wa kulia alikaa kimya kama hajapigiwa chochote. Mzee akamuuliza kama amelala vizuri, kama amekula. Mimi nikajua ni woga wa mtihani. Kesho yake nilisugua ile nta kwa maji ya moto na sabuni mpaka ikatoka, ubao ukarudi kioo, na sikio nalo likarudi.

Ndipo nikainua macho kutoka kwenye shati. Mwanao alikuwa anautazama ubao. Na ndani ya ubao vidole vya mzee vilikuwa vinatembea, kila kimoja na kivuli chake. Niliunguza kola.

Nilijiambia ni ujanja wa wanafunzi tu, nani hajawahi kuchungulia? Lakini jioni akiwa anamenya viazi, nikasimama nyuma ya kisogo chake nikatikisa funguo. Nikatikisa tena. Akaendelea kumenya. Nilipogonga meza kwa ngumi ndipo akaruka na kuniuliza nimeingiwa na nini. Nikakaa juu ya gunia la mkaa na gauni langu safi.

Nilipomwambia, kwanza alicheka, akasema mama na hofu zako, hata paka akipiga chafya utaita daktari. Halafu kicheko kikageuka kilio. Alisema sauti nyembamba zilianza kumpotea tangu mwaka jana, sasa zimebaki kama kijiti kinachogonga kijiti. Nene bado anazo. Watoto wakiimba huwatazama midomo. Alisema watu wakijua watampa pole nyingi na kumnyang'anya watoto wake, basi apate cheti kwanza, masikio yatajijua yenyewe. Akaniapisha nisifungue mdomo kwa mzee. Nikaapa, maana alikuwa amenishika mikono kama alivyokuwa akinishika utotoni akiogopa radi.

Tangu hapo nina hofu mbili. Naogopa atafeli, kwa kuwa huko ukumbini hakuna ubao wa kuchungulia. Naogopa zaidi kwamba atabahatisha afaulu, kisha atuzungushe miaka kama ulivyotuzungusha wewe. Usinikasirikie. Ulikuwa ukituambia ni uchovu, ni mafua, nasi tukaamini, mpaka daktari alipokuambia ungekuja mapema. Ile methali ya mficha maradhi sitaki hata kuimaliza.

Sasa nikueleze nilichofanya leo asubuhi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Niliapa kwa mdomo, dada. Mikono haikuapa. Niliwahi kwa mzee kabla ya somo, nikatoa ile nta nilikoificha, nikaupaka ubao wote, nikauacha ukauke. Nilikuwa naona kama naiba.

Alipokaa na kuuona ule ukungu, mwanao aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeachiwa mkono katikati ya barabara. Mzee akapiga noti nyembamba, kimya. Akapiga tena, kimya. Akafungua kinywa aseme neno lake, halikutoka. Akapitisha kidole kwenye ubao, akaangalia nta kwenye ncha yake, akamwangalia binti, akaniangalia mimi niliyesimama na pasi baridi. Halafu akachukua kitabu cha nyimbo, akajiziba mdomo, akamuuliza kitu kwa sauti ndogo. Mwanao akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Alikuwa amemuuliza mama yake anaitwa nani.

Mzee hakufoka. Amesema kesho atatupeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, na ataenda kwa watahini kuwaeleza kabla ya siku yenyewe. Kama watamtafutia njia au watamfuta, hajui, na hakutaka kunidanganya. Njia nzima ya kurudi mwanao alitembea mbele yangu.

Ndiyo maana nakuomba unijibu upesi. Kwako ilianzaje? Sikio lipi lilitangulia? Daktari alisema ungewahi ungepewa nini? Niandikie yote, hata yale uliyotuficha.

Nilipofika hapa nikasikia hatua, kumbe amesimama nyuma yangu anasoma. Nilijua sasa atanigombeza. Akavuta kiti, akakaa upande wangu, akasoma mpaka hapa kalamu ilipo. Kisha akasema, "Muulize mama mkubwa, akiota ndoto, bado anasikia?"

Nimeliandika swali kama alivyolisema. Ukijibu, mjibu yeye, si mimi.

Msalimie shemeji, uwabusu wajukuu kila mmoja kwa zamu yake wasije wakagombana. Mungu akulinde, atulinde na kesho.

Ni mimi mdogo wako, uliyekuwa ukinibeba mgongoni na kuniimbia.