Chumvi ya Kumwapia Jalam

Dada yangu mpenzi Kaushlya,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba magoti yako yameihimili baridi. Miili yetu huku haijambo. Mioyo ndiyo siwezi kuisemea.

Matokeo ya bunge la jimbo umeshayasikia. Jalam, kaka wa mume wangu, ameanguka, na kiti cha Shimla amekichukua Mast Ram wa kijijini kwetu mimi na wewe. Basi kuzaliwa kwangu huko kumekuwa kosa. Nikipita uani mazungumzo yanakatika, na chai yangu namiminiwa ya mwisho.

Unakijua kiapo cha huku. Kabla ya kura Jalam alikusanya ukoo mzima. Mama mkwe akatugawia punje za chumvi ya mawe, kila mmoja akatumbukiza yake kwenye chungu cha maji na kutamka kwamba akimgeuka Jalam, ayeyuke kama chumvi ile. Niliapa huku nimempakata mwanangu. Na moyoni, Dada, sikumtaka kabisa. Duka lake la pombe ndilo lililomharibu mume wangu Kundan, siku hizi analetwa nyumbani kwa kushikwa makwapa. Lakini mbele ya mashine ya kura nikamkumbuka mtoto, nikabonyeza alama ya Jalam huku machozi yananitoka.

Kura za kituo chetu zilipotangazwa, hazikufika hata nusu ya tulioapa. Jalam akasema kikulacho ki nguoni mwako, na macho yake yakatua kwangu. Kundan naye, mume niliyemwosha matapishi, akaniambia nitaapa tena nikiwa nimemshika mtoto kichwani; nikisita, nifunge virago nirudi kwetu, mtoto abaki.

Mtu akishukiwa sana naye huanza kushuku. Nikakumbuka kwamba asubuhi ya pili baada ya kiapo nilikuta chungu kimezungukwa na sisimizi. Chumvi gani hiyo ya kuita sisimizi? Leo alfajiri nikamuuliza mama mkwe akikanda unga. Akasema ilikuwa sukari mawe, ile ya punje ngumu zinazofanana kabisa na chumvi yetu, na kiapo kisicho na chumvi hakimshiki mtu. Alisema hakuona sababu ya kumyeyusha mtu kwa ajili ya muuza pombe, hata kama amemzaa mwenyewe. Wanawake wote wa ukoo walijua. Mimi tu ndiye niliyefichwa, maana walihofia nitapeleka neno kwetu, nalo likarudi kwa Jalam.

Umeelewa, Dada? Katika wanawake wote wa nyumba hii, aliyempigia Jalam kura ni mimi peke yangu, msaliti wao. Nilicheka mpaka nikalia. Halafu hasira ikanipanda, na haijashuka yote.

Mchana tukaitwa uani, wanawake wote tuape upya kwamba hatukumgeuka Jalam, mimi wa kwanza. Jalam akasema mama amechoka, chumvi ailete mkwe mdogo, yaani mimi. Mama mkwe akainua uso, akainamisha. Jikoni makopo mawili yamekaa bega kwa bega, la chumvi na la sukari mawe. Chumvi ya kweli ingenisafisha mimi na kuwamaliza wao, na nilikuwa nao wengi wa kuwalipa. Nilisimama pale hadi Kundan akaniita kwa ukali.

Nikachukua kopo la sukari.

Nimeapa, mkono juu ya kichwa cha mwanangu, na kila neno lilikuwa kweli. Wenzangu wakafuata mmoja mmoja, wamekauka kwa hofu. Zamu ya mama mkwe ilipofika, alitumbukiza punje yake, akapeleka kidole mdomoni kama anayefuta midomo, akanitazama. Baadaye aliniita mwanangu. Tangu niolewe hajawahi.

Nisalimie shemeji, na mbusu yule mdogo wako mtundu. Ukishasoma, itie barua hii motoni iungue. Naishia hapa, chungu bado kiko kizingitini, niwahi kukimwaga kabla ya sisimizi.

Mdogo wako akupendaye,
Reshmo